Sarafu Yenye Mbuni Pande Zote Mbili

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa blanketi. Nilikuwa nimetoka kijijini Ntalikwa alfajiri, viatu mkononi ili vumbi lisiviharibu, nikavivaa kwenye ngazi za benki mjini Tabora, na kitu cha kwanza msimamizi alichonikabidhi kilikuwa blanketi la kijivu, zito, kama yale ya bwenini. Nikadhani kuna zamu ya kulala. Kumbe lilikuwa la kutandika mezani. Sarafu zikimwagwa juu ya mbao tupu hurukaruka, inayoruka huingia chini ya kabati, na kabati la benki halisogezwi bila ruhusa.

Nyinyi wa chumba cha sarafu mliniomba, siku mliponiaga, niandike jinsi tulivyofanya kazi kabla ya mashine za kuchambulia. Haya, naandika. Vyeo na mishahara nitaviruka. Vyeo vilikuja kama mvua za Tabora, kwa kuchelewa, na mishahara mnaijua wenyewe. Nitawaeleza jinsi nilivyojifunza kuitazama sarafu, na habari za Bibi Nyamizi, ambaye bila yeye ningeweza kustaafu nikidhani kazi yangu ilikuwa kupanga vyuma.

Uhuru ulikuwa bado mchanga na sarafu zetu zilikuwa changa zaidi. Zile za Afrika Mashariki, zenye taji na tundu katikati, zilikuwa zinaondolewa. Zetu, zenye kichwa cha Rais upande mmoja na mnyama upande wa pili, ndizo zilizokuwa zinaingia. Mifuko ilitujia kutoka pande zote za ile njia kongwe ya misafara. Ungeweza kufumba macho ukajua mfuko umetoka wapi: wa Kigoma ulinuka dagaa, wa Urambo tumbaku, wa Sikonge asali. Njia iliyopitisha pembe na shanga enzi za mababu sasa ilikuwa inapitisha ndururu na thumuni, na zote zilimwagwa juu ya blanketi langu.

Nilikuwa nachambua za zamani niziweke mbali na mpya. Wiki hazijawa nyingi, vidole vyangu vikasimama vyenyewe. Vilikuwa vimezoea kupita juu ya tundu la senti kumi, tundu baada ya tundu, na ghafla havikukuta tundu. Nikaigeuza. Maandishi yapo, ukingo upo, katikati pamejaa chuma kitupu. Nikampelekea msimamizi wangu, Bwana Petro, mtu mpole aliyechukia maswali kabla ya chai.

"Hii vipi, bwana?"

Aliitazama akanirudishia. "Mpelekee sonara wa Mtendeni, saa ya chakula. Yeye hupenda vilema."

Sonara huyo alikuwa Mzee Harji. Alikuwa Mhindi aliyezaliwa papa hapa Tabora, baba yake sonara, yeye sonara, na Kinyamwezi chake kilikuwa kizuri kuliko cha makarani wenzangu wawili waliotoka pwani. Karakana yake ilikuwa na mlango mfupi, ukiingia unainama upende usipende, kwa hiyo kila mteja alianza kwa heshima.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, binti. Umevaa dhahabu au umeleta dhahabu?"

"Nimeleta senti kumi."

Hakucheka. Alifuta mikono, akachukua kioo chake cha kukuzia, kile kidogo cha kubana kwenye jicho, akaipeleka sarafu dirishani. Alikaa nayo muda mrefu kuliko nilivyowahi kuona mtu akikaa na senti kumi bila kuitumia.

"Kabla hujauliza bei ya kitu," alisema hatimaye, "uliza hivi: kimezaliwa hivi, au kimeumizwa?"

Hilo ndilo somo langu la kwanza, na ningekuwa na uwezo ningelibandika ukutani mwa chumba chenu. Sarafu inayotoka kiwandani na kasoro imezaliwa nayo. Sarafu iliyolazwa relini ipitiwe na gari moshi, iliyotobolewa ivaliwe shingoni, iliyoungua nyumba ilipoungua, hiyo imeumizwa. Iliyoumizwa haina thamani zaidi ya huruma. Iliyozaliwa hivyo, huenda ikawa na mtu anayeitafuta upande wa pili wa dunia. Tatizo ni kwamba kwa jicho la haraka hufanana, na wenye haraka ni wengi.

Basi nikawa naenda Mtendeni saa za chakula. Mzee Harji alinifundisha kuipima sarafu kwenye mizani yake ndogo dhidi ya mwenzake mzima. Alinifundisha kuiangusha juu ya jiwe na kusikiliza, kwa sababu sarafu bandia ya risasi iliyopakwa rangi hulia kama kijiko cha mbao. Nikajua kutazama ukingo kabla ya uso, maana anayeghushi hushughulikia uso akasahau ukingo, kama mtu anayefagia sebule tu. Kuhusu bei alikuwa mgumu. Alisema kosa lenye thamani ni lile linaloonekana bila kioo, lisilo na wenzake wengi, na lililotoka kwenye mzunguko kabla halijachakaa. "Na kosa linalohitaji maelezo marefu," aliongeza, "bei yake huwa fupi."

Alikuwa na kisanduku chake. Humo mlikuwa na senti yenye chapa iliyokwenda pembeni, nusu picha nusu chuma kitupu, kama mtu aliyepigwa picha akitoka. Mlikuwa na nyingine iliyong'atwa ukingoni, kipande chake kilikatwa vibaya kabla ya kupigwa chapa. Lakini aliyoipenda kuliko zote ilikuwa heller, sarafu ya Kijerumani ya shaba, mbovu, nene upande mmoja. Ilipigwa hapa hapa, katika karakana ya reli, wakati wa vita ya kwanza, Mjerumani alipokatiwa njia ya bahari akaishiwa sarafu. Baba yake Mzee Harji aliitwa kule na vyombo vyake, kunoa mihuri ya kupigia chapa.

"Watu wanasema Tabora imetengeneza asali na maneno tu," aliniambia. "Tabora imetengeneza hela, binti. Mbaya, lakini hela."

Miaka ikaenda. Benki ikawa mali ya umma, picha ukutani zikabadilishwa, blanketi likabaki lile lile. Vijiji vya ujamaa vikaanzishwa, na kila kijiji kikataka duka lake. Wauzaji wa maduka hayo walikuja mjini kununua chumvi, sabuni na mafuta ya taa kwenye ghala la jumla. Hapo ndipo anapoingia Bibi Nyamizi.

Alikuwa mjane wa makamo, mrefu, mwenye sauti ya chini, muuzaji wa duka la kijiji kimoja upande wa Urambo. Siku hiyo alikuwa analipia bidhaa za kijiji. Karani wa ghala akapanga sarafu zake, akaishika moja ya senti ishirini, akaigeuza, akaigeuza tena. Upande mmoja mbuni, kama kawaida. Upande wa pili, pale pa kichwa cha Rais, mbuni tena. Ila mbuni huyu hakuinuka juu ya chuma. Alikuwa amezama ndani, na ametazama upande mwingine, kama kivuli chake kwenye maji.

Karani akaita polisi. Mnielewe, enzi zile hilo halikuwa jambo la mzaha. Sarafu bandia peke yake ni jela. Sarafu ambayo mtu amemwondoa Rais, hiyo watu waliisema kwa kunong'ona. Kufika jioni, habari zilikuwa zimeshafika kijijini kwa lori la tumbaku, nazo zilikua njiani: Nyamizi anatengeneza hela, Nyamizi ana dawa, ndiyo maana duka lake haliishiwi.

Kesho yake asubuhi sajini mmoja alikuja chumbani kwetu na ile sarafu ndani ya bahasha. Aliitwa Sajini Mashaka, na jina sikulitunga mimi. Alikuwa mtu mnene, mtaratibu, na niliona mara moja kwamba ile sarafu ilikuwa imemnyima usingizi kwa sababu isiyo ya kipolisi.

"Dada," alisema, "nimeigeuza mpaka kidole kinauma. Nikiipeleka mahakamani lazima niseme ameifanyaje. Sasa, ameifanyaje?"

Niliishika. Ukingo wake mzima. Mbuni aliyeinuka alikuwa mkali, kila unyoya mahali pake. Nikaiangusha mezani, ikalia kama ndugu zake. Kila kitu kilisema imezaliwa hivi, lakini sikujua imezaliwaje, na "nahisi" si neno la kumtoa mtu rumande.

"Afande, twende kwa mtu mmoja."

Akasema hawezi kumwacha mshitakiwa na zamu mpya isiyojua habari zake. Basi tukafuatana wanne hadi Mtendeni, mimi, sajini, askari mmoja, na Bibi Nyamizi akitembea katikati, khanga imefungwa imara, macho mbele. Watu walisimama milangoni kutazama.

"Shikamoo mama," nilimwambia.

"Marahaba, mwanangu. Mimi nilipewa hiyo kama chenji zingine. Sikuitazama. Nani anaitazama hela? Watu huihesabu tu."

Askari akabaki nje. Sisi tukainama mlangoni. Mzee Harji alipoiona sarafu alikaa chini kwanza. Kisha akafanya kila alichonifundisha, polepole, sajini akipumua shingoni mwake. Mizani ikasimama sawa. Jiwe likajibu vizuri. Halafu akachukua kipande cha nta ya nyuki, akakipasha kwa viganja mpaka kikalainika, akaikandamiza sarafu kwa ule upande uliozama, akaibandua.

Kwenye nta, mbuni alisimama ameinuka, akitazama upande wake wa kawaida.

"Karudi," alisema Bibi Nyamizi. Lilikuwa neno lake la kwanza mle ndani.

"Karudi," alikubali Mzee Harji. "Maana yake aliyezama huyu alipigwa na sarafu halisi, si na muhuri wa kuchonga. Swali ni wapi. Huko kiwandani, au jikoni kwa mtu?"

Aliichukua heller yake ya shaba. "Baba alisema pale karakana ya reli kulikuwa na ugonjwa. Mihuri ni miwili, wa chini na wa juu, na kipande kitupu katikati. Mara moja moja sarafu iliyokwisha kupigwa ilinata kwenye muhuri wa juu bila mtu kuona. Kipande kitupu kinachofuata kikawekwa. Mashine ikashuka. Sasa hicho kipande chini kinapigwa na muhuri, lakini juu kinapigwa na mwenzake aliyenata. Kinapata picha moja mara mbili, ya pili imezama na imegeuka."

Sajini alikunja uso. "Na Rais yuko wapi?"

"Kwenye muhuri wa juu, afande, amefunikwa na ile iliyonata."

"Kwa hiyo hajaondolewa," nilisema mimi, nikiona kwa mara ya kwanza. "Hajawahi kufika."

Sajini alifikiri. Nilimpenda kwa kufikiri kwake. "Hayo ni maneno mazuri. Lakini mwendesha mashitaka ataniambia mtu anaweza kuchukua sarafu mbili nzima akazigonga pamoja kwa nyundo."

"Anaweza," alisema Mzee Harji. "Tujaribu."

Kuharibu sarafu ni kosa, na mwenye sheria alikuwa amesimama hapo hapo. Sajini Mashaka aligeukia dirisha akaanza kuulizia habari za mbuzi wa jirani. Mzee Harji akatoa senti ishirini mbili mfukoni mwake, akaziweka juu ya fuawe, kichwa cha moja chini ya mbuni wa nyingine, akapiga nyundo pigo moja kubwa. Sajini akamaliza habari za mbuzi.

Tuliigeuza ile ya chini. Mbuni alikuwa amezama kweli, hapo pa kichwa. Lakini nyuma yake sikio la Rais lilionekana bado, na herufi tatu nne za maandishi zilizopondeka. Na upande wa pili mbuni aliyelalia fuawe alikuwa amelainika kama sabuni iliyotumika. Tukaweka ile ya Bibi Nyamizi kando yake. Upande uliozama ulikuwa safi, hakuna sikio, hakuna herufi iliyobaki. Mbuni aliyeinuka alikuwa hajaguswa.

Sajini aliomba kioo, akakibana jichoni, akaenda mwenyewe dirishani. Alitazama ya kwanza, akatazama ya pili, akarudia. Kisha akamgeukia Bibi Nyamizi.

"Mama, pole sana."

"Pole yako nimeipokea, afande. Sasa njoo uiseme kijijini."

Na alikwenda. Nilipoandika maelezo yetu na meneja akapiga muhuri, Sajini Mashaka aliyabeba mwenyewe pamoja na ile sarafu, akampandisha Bibi Nyamizi kwenye gari la polisi kiti cha mbele, akamrudisha kwao mchana kweupe. Wasioamini maneno walionyeshwa kwa nta, na nta upande ule haikosekani nyumba yoyote.

Habari zikafika kwa daktari mmoja mgeni, aliyefanya kazi hospitali ya upande huo na kukusanya sarafu kwa mapenzi. Akaenda kijijini kuomba kununua. Mwenyekiti wa kijiji hakutaka kupunjwa, akatuma ujumbe benki: aje mtu wa kutaja bei halali. Nikaomba ruhusa, nikampitia Mzee Harji, tukapanda basi la Urambo.

Njiani nilimuuliza angeikadiria vipi.

"Sitaikadiria. Naitaka mimi mwenyewe, binti. Tangu niione silali vizuri. Mtu anayekitaka kitu, mdomo wake si wa kutaja bei."

"Basi inunue, mzee. Kosa gani?"

"Wananiita niseme ukweli juu yake. Nikishasema, niinunue kwa bei niliyoisema mimi? Hapana."

Mkutano ulifanyika mbele ya ghala la tumbaku. Mwangaluka, mwangaluka, tukasalimiana mpaka mikono ikachoka. Sarafu ilipitishwa kwa watu wote, mkono kwa mkono. Wapo waliosema iuzwe upesi kabla haijaleta mkosi. Wapo waliosema ni ya Nyamizi, maana yeye ndiye aliyelala rumande kwa ajili yake. Mwenyewe alisema hapana, iliingia dukani, ni ya duka.

Mzee Harji akasimama, akawaambia wazi kwamba yeye anaitaka, kwa hiyo wasimuulize bei. Watu wakamtazama kwa mshangao. Nikabaki mimi. Niliwaambia nilichokuwa nacho: kwamba dukani ni senti ishirini na itabaki hivyo daima. Kwamba kosa lake ni kubwa, linaonekana bila kioo, na katika mifuko yote niliyomwaga sijaona jingine kama hilo. Zaidi ya hapo, bei ni kile atakachotoa mwenye hamu. Haikuwa hotuba ya kupigiwa makofi, na hayakupigwa.

Daktari akasema shilingi mia. Mkutano mzima ukavuta pumzi. Mwenyekiti alikuwa tayari anatabasamu, mkono umeanza kunyooka.

"Ngoja," alisema Bibi Nyamizi, bila kuinua sauti. "Mimi sitaki mia. Nataka cherehani. Ya miguu, si ya mkono. Mpya."

Watu waliguna. Mwenyekiti akamwambia, kwa upole wa mtu aliyeogopa, "Nyamizi, usimkimbize mgeni."

Lakini daktari alikuwa ameshasema, "Sawa. Cherehani." Alisema haraka, kama mtu aliyeshikwa mkono sokoni na kitu alichokitafuta miaka mingi, na akaichukua sarafu kwa vidole viwili, kwa kingo zake, kama inavyopaswa kushikwa. Mzee Harji aliangalia chini.

Daktari alitimiza ahadi. Cherehani ilikuja kwa gari moshi mpaka stesheni ya Urambo, ikabebwa na mkokoteni wa ng'ombe mpaka dukani. Wanawake wa kile kijiji walikuwa wakienda mbali kushonesha sare za watoto wa shule, nao waliokuja kuipokea walikuwa wengi kuliko waliokuja kwenye mkutano. Tulialikwa. Bibi Nyamizi alikuwa ameshakaa mbele yake, miguu juu ya kanyagio, anashona kwa mwendo wa mtu ambaye hakuna kinachomkimbiza.

Mzee Harji hakuweza kuvumilia tena. Alimsogelea, akainama.

"Dada, nisamehe nikuambie. Yule mtu alikubali haraka mno. Ungeomba cherehani mbili, angetoa. Ungeomba na ng'ombe, huenda angetoa."

Bibi Nyamizi hakusimamisha mguu. Alifika mwisho wa mshono, akakata uzi kwa meno, akainua kaptura ndogo ya kaki akaitazama dhidi ya mwanga wa mlango.

"Niliona alivyokubali," alisema. "Nilijua papo hapo kwamba nimetaja kidogo. Lakini wewe na daktari mlikuwa kwenye biashara ya sarafu, kaka yangu. Mimi nilikuwa nanunua cherehani."